Barabara ya mlimani isiyo na magari, na "sorry" iliyoniponza

Wakuu, nawasalimu mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo naushusha kama ulivyo. Yaliyomo yamenipata mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa. Majina ya wenzangu nimebadili, ila chumvi sijatia. Ni mrefu, mwenye chai achukue chai. Wale wa "fupisha mkuu", leo mtanivumilia.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Naitwa Shija, na Wasukuma humu ndani wameshaelewa kwamba mbele yangu kuna mapacha, Kulwa na Doto. Nipo London mwaka wa tatu huu, upande wa kusini, Peckham. Nafanya kazi ya care kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Najua kuna atakayesema Peckham si Waafrika watupu, upweke unatoka wapi?

Ni kweli, ukipita barabarani unaona mihogo, bamia, samaki wakavu, saluni za kusuka zimejaa, makanisa kila kona. Siku ya kwanza nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha nikaingia dukani, nikakuta wote wanaongea Kiyoruba, na mimi kununua muhogo lazima niongee Kiingereza. Watanzania wapo London, tena wengi, ila wametawanyika, na mikutano yao huwa siku ambazo mimi nipo shift.

Nyumba ninayopanga kila mtu ana mlango wake, na ndani ya friji kila mtu ana rafu yake. Tukikutana kwenye korido tunapishana kama watu waliogombana, na hatujawahi hata kufahamiana tukapata cha kugombania.

Siku za kazi zilikuwa na nafuu. Wazee wanakuita, wanakusimulia vita na paka wao. Siku za off ndizo zilikuwa mbaya. Naweza kuamka mpaka nikalala sijasema neno, zaidi ya kumwambia keshia sihitaji mfuko. Nyumbani nikipigiwa simu nasema nipo poa, namshukuru Mungu, na baridi imepungua.

Sasa tuje kwenye baiskeli.

Mtu wa Shinyanga na baiskeli mnajua wenyewe. Kwetu mtoto anajifunza kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kabla hajafika kwenye siti. Nimebeba mkaa, nimebeba magunia ya mpunga, nimempakia mama yangu kwenye keria kwenda kliniki na kurudi. Kwa hiyo nilipofika huku nikaona nauli za basi na treni, nikatafuta baiskeli ya mtumba, dude zito kama kitanda cha chuma, nikawa naenda nalo kazini.

Siku moja nimesimama kwenye taa za barabarani karibu na Peckham Rye, mzungu mmoja wa makamo akasimama pembeni yangu na baiskeli nyembamba ya bei mbaya. Akaiangalia yangu, akaniangalia mimi. Akaniuliza kile kilima cha nyuma nimekipandaje na hilo dude. Nikamwambia nimekanyaga tu. Akacheka sana. Akasema wana kikundi, wanaendesha kila Jumapili asubuhi, nami niende.

Huyo ndiye Martin.

Nikaomba nibadilishiwe shift za Jumapili, nikaenda. Wakuu, sikufuata mazoezi. Mazoezi ninayo ya kutosha kunyanyua wazee kitandani. Nilikwenda kwa sababu kuna mtu alikuwa ameniambia njoo.

Niliwakuta watu wachache, wote wakubwa kwangu, wamevaa zile nguo za kubana zilizoshonewa kigodoro nyuma. Mimi nimevaa jinzi. Hakuna aliyenicheka usoni. "Shija" liliwashinda, wakaanza kuniita CJ, nami nikaitika. Mtu akiwa na kiu haulizi kikombe.

Mmoja tu ndiye aliyeuliza jina langu lina maana gani. Huyo ni Helen, mwalimu wa shule ya msingi, umri wa mama yangu mdogo. Nilimweleza habari za Kulwa na Doto, akafurahi kama nimempa zawadi. Tangu siku hiyo wote wakiniita CJ yeye ananiita Shija, na analitamka vizuri. Mimi kumwita "Helen" hivi hivi, mtu wa umri ule, ulimi ulikuwa mzito. Ningekuwa nyumbani ningemwita mama na ningeshamwamkia shikamoo. Huku wanataka jina tu.

Wakati wa kuendesha alipenda kukaa karibu nami. Ananiuliza ya Shinyanga, ananiambia ya wanafunzi wake. Tukimaliza tunakunywa kahawa, tunatawanyika. Hapo nimeshaongea maneno ya kunitosha wiki nzima.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu ndilo lilikuwa London yote.

Msimu wa baridi ukapita hivyo. Spring, yaani majira ya kuchipua, ilipoanza, Martin akaja na habari. Kuna barabara moja ya mlimani Wales, ndani ya national park. Mvua za baridi zilibomoa kipande chake, hivyo magari yamepigwa marufuku mpaka matengenezo yaishe. Wanaoruhusiwa ni waenda kwa miguu na baiskeli. Akasema nafasi kama hiyo haiji mara mbili, twende kabla hawajafungua.

Nitoke nje ya mada kidogo kwa mliozoea Serengeti. National park ya huku isikuchanganye. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna simba. Watu wanaishi humo humo, wana nyumba na makanisa yao. Mnyama utakayemwona ni kondoo. Nilimwuliza Martin, ananipa hakika hakuna kitu kinachokula watu? Akanijibu yupo mwenye baa mmoja.

Tukapanda treni asubuhi Paddington, sisi na baiskeli zetu. Helen alikuwa ameniazima baiskeli ya mumewe, nyepesi mpaka naogopa itapeperuka.

Wakuu, ile barabara.

Najua Wachaga watacheka nikiita vile vilima mlima. Lakini mimi natoka nchi tambarare ya majaruba ya mpunga na mawe, sikuwa nimewahi kupanda kitu kama kile kwa baiskeli. Barabara inajikunja upande wa mlima, lami safi, halafu kimya. Hakuna injini hata moja. Unasikia mnyororo wa baiskeli yako, unasikia maji yanashuka mahali fulani, unasikia kondoo na watoto wao. Kwenye makorongo ya juu bado kulikuwa na theluji, na huku chini pembeni ya lami maua ya njano yameshachanua.

Na watu wanasalimiana.

Hicho ndicho kilinishangaza kuliko yote. Hawa hawa ambao London ukimsalimia mtu anashika mkoba wake vizuri, kule juu kila anayeshuka anasema "Morning". Anayetembea na mbwa anasema "Morning". Nilijibu zote, hata za watu ambao hawakunisemesha mimi.

Tulipanda taratibu, mimi na Helen nyuma ya wengine. Juu kabisa tukapumzika. Nilikuwa nimepika chapati, nikazitoa, nikakaribisha kila mtu. Walidhani natania, watu wa huku kila mmoja na sandwich yake. Helen akachukua wa kwanza, wengine wakafuata, na hazikubaki. Martin akasema kuanzia siku hiyo CJ hana ruhusa ya kukosa safari. Nilijisikia vizuri, nasema kweli. Nilikaa pale kwenye jiwe nikajiona na mimi nina watu.

Kisha tukaanza kuteremka.

Martin aliagiza tuachiane nafasi, mteremko ni mkali. Baadhi wakatangulia. Helen akafuata, mimi nyuma yake, umbali kama wa nyumba mbili. Martin akawa wa mwisho, nyuma sana, alikuwa anafunga begi.

Tulipita kona mbili salama. Ya tatu ndiyo ile iliyobomolewa na mvua. Changarawe zilikuwa zimetapakaa juu ya lami. Helen aliingia na kasi, tairi la mbele likateleza, nikamwona anaondoka juu ya baiskeli na kutua kwa bega. Kofia ngumu iligonga chini, nikaisikia.

Mimi nilibana breki zote mbili, nikajitupa upande wa mlima ili nisimpande. Kiganja kikachanika, sikukiona wakati huo. Niliacha baiskeli ya watu pale chini nikamkimbilia.

Alikuwa amelala ubavu, uso mweupe, macho yapo wazi ila hayanioni vizuri. Nikavua jaketi nikamfunika. Nikamshika mkono ambao haukuumia. Na mdomo wangu ukawa unasema wenyewe:

"Sorry, Helen. Sorry. So, so sorry."

Hapa naomba tusimame kidogo.

Mnajua sisi tulivyo. Mtu akijikwaa, pole. Akitoka kazini, pole. Akifiwa, pole. Ukimkuta kabeba mzigo unampa pole, na wala si wewe uliyemtwisha. Shuleni tulifundishwa kwamba pole kwa Kiingereza ni sorry, mwalimu akaandika ubaoni, nasi tukanakili. Nilikuwa natumia sorry hivyo maisha yangu yote.

Tena hawa Waingereza wenyewe walinidanganya. Ukimkanyaga Mwingereza kwenye treni, yeye uliyemkanyaga ndiye anasema sorry. Ukigongana naye mlangoni, sorry. Nikajua kumbe na hawa wamejaa pole kama sisi. Sikujua kwamba kwao sorry ya vitu vidogo ni bure, na sorry ya vitu vikubwa ni kesi.

Basi, Martin akafika kwenye kona akiwa na kasi, akatupa baiskeli. Alichokiona ni Helen chini, na mimi nyuma yake nimepiga magoti namwambia so, so sorry.

Akauliza imekuwaje. Nikamwambia kateleza kwenye changarawe. Halafu, kwa kuwa Helen ni rafiki yake wa miaka mingi, nami najua adabu, nikampa na yeye pole yake. "Sorry, Martin."

Waliotangulia wakarudi. Nao nikawapa. Mmoja mmoja.

Watu wa uokoaji wa milimani walikuja na gari lao, gari la kwanza kuliona siku ile kwenye barabara ile. Wakamfunga shingo, wakampakia. Martin alimpigia mume wa Helen, na alipomaliza nikaiomba ile simu. Kwetu huwezi kumwacha mwenye mgonjwa hivi hivi. Nikamwambia mumewe I am very sorry. Yule bwana akasema asante kwa kuniambia.

Sikuelewa ananishukuru kwa lipi.

Tukateremka kwa miguu, kila mtu anakokota baiskeli yake. Njiani Martin akaja pembeni yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, tairi langu liligusa la Helen? Nikamwambia hapana, nilikuwa mbali. Akaitikia kwa kichwa. Tukatembea tena. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Nobody's blaming you, CJ."

Yaani hakuna anayekulaumu. Nami mjinga nikasema asante. Siku hizi naelewa kwamba kwa Kiingereza cha hawa watu, ukiambiwa hakuna anayekulaumu, ujue kikao kimeshakaa na kimeshaisha.

Kwenye treni ya kurudi walikaa pamoja kwenye viti vyenye meza. Mimi nilisimama karibu na mlango nikashikilia baiskeli ya mume wa Helen. Hakuna aliyenifukuza mezani. Hakuna aliyeniita pia.

Siku iliyofuata nikiwa kazini, kuna nesi Mkenya tunafanya naye kazi, anaitwa Njeri. Aliona bandeji kwenye kiganja changu akauliza nimefanya nini. Nikamsimulia safari yote, mpaka ile simu ya mume wa Helen. Njeri akaacha alichokuwa anafanya.

"Wee Shija, uliwaambia sorry? Wote?"

"Wote."

"Hao watu hawana pole, ndugu yangu. Wako na sorry tu, na sorry ni ya mwenye makosa. Umejipeleka kortini na miguu yako."

Alisema na yeye mwaka wa kwanza neno hilo liliwahi kumponza wodini. Mgonjwa alikuwa amefariki kwa ugonjwa wake, yeye akawaambia ndugu sorry huku analia, na ikabidi aitwe ofisini kueleza alichokosea.

Wahenga walishasema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimejikwaa vyote viwili siku moja.

Nikaamua kurekebisha. Niliandika kwenye group ya kikundi ujumbe mrefu, kwamba kwa lugha yetu kuna neno pole, tunampa mtu yeyote aliyepatwa na shida, halina maana kwamba mimi ndiye niliyesababisha. Niliusoma tena na tena kabla ya kuutuma. Ninyi mnaojua Kiswahili mngeuelewa mara moja. Lakini hebu usome kwa macho yao. Mtu amesema sorry kwa kila mtu, halafu baada ya siku mbili anakuja kusema ile sorry yangu haikuwa sorry.

Martin akaweka kidole gumba. Wengine hawakuweka kitu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye mkahawa tunapokutaniaga. Hakukuwa na mtu. Nikasubiri mpaka mwenye mkahawa akaniuliza kama nitaagiza. Baadaye niliona kwenye group kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Wakuu, jua lilikuwa linawaka.

Nikabaki na Helen.

Nilikuwa na jambo moja tu rohoni, Helen anajua kwamba sikumgusa? Wengine wanaweza kuniona wanavyotaka. Lakini yule mama ndiye aliyekuwa ananiita jina langu.

Na hapo nikawa nimebanwa. Kwetu mtu akiumia lazima uende kumjulia hali, usipokwenda ndiyo unakuwa na hatia. Kwao, kwa hali niliyofikia, kwenda ni kukiri tena mara ya pili. Nilikaa na hilo siku kadhaa. Mwishowe nikasema mimi ni mtoto wa mama yangu, siwezi kuacha mgonjwa. Nikanunua maembe na mananasi, nikachukua na baiskeli ya mumewe nirudishe, nikaenda.

Alinifungulia mwenyewe, mkono kwenye kitambaa. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na kichwa kilipata mtikisiko. Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai kwa mkono mmoja, nikataka kumsaidia akakataa. Akasema maembe yananukia.

Nikamweleza yote. Changarawe, umbali niliokuwa nao, sorry, na pole. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema hakumbuki kitu. Anakumbuka chapati, anakumbuka kufunga kofia, halafu anakumbuka hospitali. Katikati hakuna. Anajua alichoambiwa tu.

Nikamwuliza waziwazi, unaniamini?

Akaangalia kikombe chake.

"I'd like to, CJ," akasema.

Yaani angependa. Kwa Kiswahili mtu akikuambia angependa kukuamini unaweza kuhesabu hiyo ni nusu ya ndiyo. Kwa Kiingereza ile ni hapana iliyovaa koti. Na alisema CJ. Sidhani kama mwenyewe alisikia.

Nilimaliza chai, nikamtakia afya, nikaondoka. Mlangoni nilisikia "sorry" inapanda kooni nikaimeza. Nikasema "Take care."

Tangu hapo nikajifundisha upya. Mzee akiangusha kikombe kazini, nasema "Are you all right?" Akijikwaa, "Are you all right?" Nesi akisema amechoka, namwuliza yuko all right. Mwanzoni niliona naongea kama polisi anayemhoji mtu. Baadaye ikazoeleka. Bosi wangu akaniambia siku hizi nimekuwa very professional. Njeri aliposikia alicheka, ila si sana.

Group sikujitoa, wala hawakunitoa. Zinapita habari za safari ambazo naziona zikishakwisha.

Sasa mwisho wa uzi.

Mwezi uliofuata nilisoma kwamba ile barabara inakaribia kufunguliwa kwa magari. Nilikuwa na siku ya off. Nikasema nirudi mara moja kabla hawajafungua. Nilijidanganya kwamba nakwenda kupiga picha ya changarawe za pale kwenye kona, nipate ushahidi. Nikapanda treni peke yangu na lile zito langu.

Spring ilikuwa imekolea. Theluji imekwisha, kondoo wadogo wameshakuwa wakubwa, majani mapya kila mahali. Watu wakanisalimia "Morning" kama kawaida, nikajibu. Lakini safari hii niligundua kwamba wakishapita, wamepita. Nilipanda kwa shida, sikuwa na wa kuongea naye, nikawa najihesabia pumzi.

Kona niliikuta. Changarawe zipo. Nikatoa simu nikapiga picha, nzuri tu, inaonekana hata mstari wa mahali tairi lilipoteleza au pengine ni macho yangu. Halafu nikajiuliza namtumia nani. Nikairudisha simu mfukoni. Picha ipo, mnaosema uzi bila picha ni umbea, lakini ni picha ya kokoto jamani.

Nilifika juu nikakaa kwenye lile jiwe. Kule juu mtandao upo. Simu ikaita, ni mama.

Tukasalimiana, nikamwamkia, akauliza nimekula nini. Kisha akaniambia juzi aliteleza uani akienda kuchota maji kwenye pipa, akaangukia mkono, umevimba mpaka kidole cha pete hakikunjiki.

Nikamwuliza, "Upo sawa? Ulienda hospitali? Walipiga picha? Nani alikupeleka?"

Mama akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nikasema halo, halo.

"Shija," akasema. "Yaani hata pole hunipi?"

Wakuu, nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu ambaye hajawahi kunipiga. Nilijitafuta nikajikuta kweli sijaitoa. Haikuwa imekwama, haikuwepo kabisa. Nilikuwa nimejifunza vizuri mno.

"Pole mama," nikasema. "Pole sana mama yangu. Pole. Nisamehe. Pole."

"Nimeshapoa," akajibu, kama desturi. "Nimeshapoa baba, inatosha, mkono ni mmoja tu."

Kisha akaniuliza mimi nina nini, mbona sauti imebadilika. Nikataka kusema nipo poa na baridi imepungua. Nikashindwa. Nikamwambia yote, pale pale juu ya mlima wa watu, nalia na watu wanapita na baiskeli zao. Alinisikiliza. Maswali yake yalikuwa mafupi.

"Huyo mama alianguka mwenyewe?"

"Alianguka mwenyewe."

"Na wewe ukampa pole."

"Nikampa pole."

"Na wewe uliumia wapi?"

Hilo swali hakuna aliyeniuliza pale kwenye kona. Wala kwenye treni, wala nyumbani kwa Helen. Njeri aliuliza kwa sababu aliona bandeji. Nikamwambia kiganja, lakini kimeshafunga.

"Pole, baba," mama akasema. "Pole sana."

Jibu lake hata mtoto mdogo analijua. Nilifungua mdomo nimwambie nimeshapoa, neno halikutoka. Nilijaribu tena. Mama akasubiri, akaona kimya, akasema basi, utapoa tu, na akaniuliza kama nimevaa sweta.

Niliteremka taratibu na breki mkononi, kona ya tatu nikashuka nikaikokota.

Nilichojifunza ni hiki. Kwa mnaokuja huku, mtu akianguka mkimbilie, msaidie, mwulize yuko all right, na hiyo sorry yako iache mfukoni mpaka mjuane sana. Itakuokoa na mengi. Lakini hiyo all right usiizoee kiasi cha kuja kumhoji mama yako kama afisa. Mimi sasa kila nikipiga simu nyumbani natanguliza pole kabla ya kusikia kama kuna aliyeumia, na Doto ananicheka.

Kuna kikao cha Watanzania mwezi ujao huko kaskazini mwa London, nimeomba off. Tutaona.

Haya, uwanja wenu. Walioponzwa na neno kama mimi waseme ilikuwaje, na mwenye kujua Kiingereza cha pole atuambie, maana mimi nimekitafuta sijakipata. Na mwenye kutaka kuniachia pole hapo chini aniachie tu. Sitamuuliza alinikosea nini.